Balbu ya wati 100 imesoma omu 38: hesabu imekosea wapi?

Swali la msomaji:

"Shikamoo mwalimu. Nafuga kuku wa nyama Kibaha. Kwenye banda la vifaranga nimefunga balbu tatu za wati 100, zile za uzi, na maji ya kuoshea vyombo vyao nachemsha kwa hita ya kuchovya ya wati 1500. Juzi fundi alikuja na mita yake, akafungua balbu moja na kuipima, ikasoma omu 38. Akazidisha 230 kwa 230, akagawa kwa 38, akapata wati 1,392. Akasema balbu ni feki na ndizo zinazonimalizia luku. Alipopima hita akapata omu 35.2, hesabu ikatoa wati 1,503, sawa na ilivyoandikwa. Friji ikasoma omu 16, yaani wati 3,300, wakati kibandiko chake kinasema wati 120. Mita ni ileile na hesabu ni ileile. Na jioni hita hiyohiyo huchelewa mno, ndoo ya lita 20 inachukua karibu saa nzima. Nani mkweli hapa? Naomba unifundishe kukokotoa ukinzani na nguvu mwenyewe, nisiwe wa kuambiwa tu."

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Balbu zako si feki. Fundi wako naye hakukosea kuzidisha wala kugawa. Alichokosea ni wakati wa kupima: alipima balbu imelala, akaihesabia kana kwamba inawaka.

Ila hata kabla ya kugusa kanuni, namba ile ingetakiwa imshtue mwenyewe. Balbu tatu za wati 1,392 ni wati 4,176. Kwa volti 230 hizo ni ampea 18 na ushee. Breka ya taa kwa kawaida ni ya ampea 6 au 10. Ingeruka kabla hujatoka bandani. Tuseme haikuruka: kwa saa 24 zingekula uniti 100. Uniti 100 kwa siku moja! Ungeshauza kuku na banda lenyewe. Wanafunzi wangu niliwazoesha hivi, jibu likishatoka lipeleke luku kwanza, uone kama luku inalikubali.

Sasa kanuni. Volti ni msukumo, ampea ni wingi wa umeme unaopita, omu ni ukaidi wa njia unayopita, ndio tunaouita ukinzani. Za kushika kichwani ni mbili tu. Ukinzani ni volti gawanya kwa ampea. Nguvu, yaani wati, ni volti zidisha kwa ampea. Zile nyingine unazoziona vitabuni, volti mara volti gawanya kwa omu, au ampea mara ampea mara omu, ni watoto wa hizo mbili. Zimezaliwa kwa kuingiza moja ndani ya nyingine. Fundi wako alimtumia mtoto bila kumuuliza mzazi. Alikuwa na volti, lakini ampea hakuzipima. Akachukua omu zilizopimwa pembeni na kuzitia humo.

Tufanye kwa njia ya mzazi. Balbu yako ikiwa inawaka kwenye volti 230, inapitisha ampea 0.435 hivi. Zidisha, unapata wati 100. Gawanya 230 kwa 0.435, unapata omu 529. Kwa hiyo balbu ileile ina omu 38 ikiwa mkononi mwa fundi na omu 529 ikiwa juu ya vifaranga, karibu mara 14. Vipimo vyote viwili ni vya kweli.

Kinachobadilisha ni joto. Ule uzi ndani ya balbu ni tangsteni, na ukiwaka unafika nyuzijoto 2,500 na zaidi. Metali ikipata joto, chembe zake hutikisika kwa nguvu na kuuzuia umeme kupita, kama mtu anayejaribu kupenya Kariakoo siku ya kuamkia Idi. Mita ya fundi, ikiwekwa kwenye omu, hutumia betri yake ndogo ya ndani na kupitisha umeme kiduchu, usiotosha kuupasha uzi joto. Inasoma ukinzani wa balbu baridi. Na ile wati 1,392 si uongo mtupu: ni nguvu ambayo balbu huvuta papo ukibonyeza swichi, kabla uzi haujapata moto. Kwa kufumba na kufumbua inavuta ampea 6, halafu inatulia kwenye 0.435. Umeshaona balbu nyingi hufia kwenye swichi, "paf", badala ya kufa zikiwa zimewaka usiku kucha? Ndiyo sababu yake.

Jana nilirudia jambo hili mezani kwangu, nisije nikakuandikia kwa kumbukumbu tu. Nilichukua balbu ndogo ya gari ya volti 12, wati 5, na betri. Ikiwa baridi mita ilisoma omu 3.1. Nikagusanisha ncha mbili za waya za mita zenyewe, zikasoma 0.4, kwa hiyo balbu ni omu 2.7 (toa kila mara hizo za waya, kwenye vitu vya omu ndogo ndizo zinazodanganya). Nikaiwasha: volti 12.3, ampea 0.40. Ukinzani omu 30.8, nguvu wati 4.9. Kisha nikaunga balbu mbili za aina hiyo kwa mfuatano, moja nyuma ya nyingine, kila moja ikapata nusu ya volti, 6.15. Mwanafunzi wa shule atakwambia ampea nazo zitakuwa nusu, 0.20. Zilikuwa 0.27. Balbu zilipopoa kidogo zilikuwa rangi ya chungwa, ukinzani ukashuka hadi omu 22.8, zikapitisha zaidi ya ilivyotarajiwa.

Jaribio hili ukitaka kulifanya, lifanye kwa betri hivyohivyo. Usianzie kwenye umeme wa nyumba.

Kuna wanaosema basi kanuni ya Ohm haifanyi kazi kwenye balbu. Sivyo. Georg Ohm alikuwa mwalimu wa shule huko Cologne, Ujerumani, na alipotoa kitabu chake mwaka 1827 alikuwa ameshapima waya kwa uangalifu wa ajabu. Betri za enzi zake zilikuwa zinayumba, hivyo akatumia metali mbili zilizounganishwa, upande mmoja kwenye maji yanayochemka na mwingine kwenye barafu, ili msukumo usibadilike. Alichokigundua kinahusu waya uliobaki katika hali moja. Balbu haibaki katika hali moja, basi. Kila ukibadilisha volti unapata balbu nyingine, yenye omu zake. Gawanya volti kwa ampea za wakati uleule na jibu litakuwa sahihi kwa wakati ule.

Hita je, mbona ilikubali? Waya wa ndani ya hita ni nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, na sifa yake kubwa ni kwamba ukinzani wake hauongezeki sana kwa joto. Tena hita yako imezamishwa majini, hivyo hata haiwi nyekundu. Baridi omu 35.2, moto labda omu moja zaidi. Ndiyo maana kwa hita, pasi na jiko la koili unaweza kupima omu kitu kikiwa kimechomolewa, ukatumia volti mara volti gawanya kwa omu, na jibu likawa la kuaminika. Ukiwa na mita hapo, pima pia kati ya kila moja ya pini mbili za umeme za plagi (ya moto na ya nyutro, si ile ya ethi iliyoungwa na mwili wenyewe) na mwili wa chuma wa hita. Isisome chochote kabisa. Ikionyesha hata omu elfu kadhaa, itupe hita hiyo. Siku moja utatia mkono kwenye ndoo.

Na kuhusu saa nzima ya jioni. Lita 20 za maji kutoka nyuzijoto 25 hadi 65 zinahitaji nishati ileile usiku na mchana. Kwa wati 1,503 ni dakika 37. Jioni majirani wote wamewasha, na ninyi mlio mwisho wa laini, mbali na transfoma, volti zinashuka. Tuseme 190. Chukua 190 mara 190 gawanya kwa 35.2: wati 1,026. Volti zimepungua chini ya moja ya tano, nguvu imepungua karibu theluthi, kwa sababu volti zikishuka na ampea nazo zinashuka, hasara inaingia mara mbili. Ndoo sasa inachukua dakika 54. Hiyo ndiyo karibu saa nzima yako. Wengi hufikiri umeme mdogo unaokoa uniti. Kwenye maji hauokoi: uniti ni 0.93 mara zote mbili, na kwa kuwa ndoo inakaa muda mrefu ikipoteza joto pembeni, jioni unalipa zaidi kidogo. Ifunike.

Bandani ndiko kwenye madhara. Balbu ya wati 100 kwenye volti 190 inatoa karibu wati 74. Ukitumia hesabu ya fundi ya omu zisizobadilika, ungepata 68. Balbu inajitetea kidogo kwa sababu uzi ukipoa ukinzani unashuka. Balbu tatu zinakupa wati 223 hivi badala ya 300, tena jioni kibaridi kinapoanza. Vifaranga wakijazana chini ya balbu saa mbili usiku na kutawanyika saa sita, usikimbilie kutafuta ugonjwa kabla hujaangalia volti. Ongeza balbu ya nne yenye swichi yake, au shusha zilizopo sentimita chache. Balbu za LED usiziweke kwa ajili ya joto, na usijaribu kuzipima omu. Ndani kuna vifaa vya elektroniki na mita haitakwambia lolote la maana.

Kuna sehemu moja ambapo ningependa utumie ule mtoto mwingine, ampea mara ampea mara omu. Ni kwenye maungio. Hita yako inapitisha ampea 6.5. Waya wa milimita za mraba 1.5 una omu 0.0121 kwa kila mita, na umeme unakwenda na kurudi, hivyo banda lililo mita 30 kutoka kwenye breka lina waya wa mita 60, omu 0.73. Volti zinazopotea njiani ni 4.7, na joto linalopotea ni wati 31 zilizosambaa kwenye mita 60. Hazina shida. Lakini chukua ungio moja lililosokotwa kwa mkono na kufungwa gundi nyeusi, likaota kutu, likawa na omu nusu tu. Mita ya kawaida utafikiri ni kosa lake la kusoma. Sita nukta tano mara sita nukta tano mara nusu: wati 21. Wati 21 kwenye kitu cha ukubwa wa punje ya harage! Pasi ndogo ya kuchomelea redio ina wati 30 hivi, nayo inayeyusha risasi. Mwaka mmoja niliitwa kwenye banda la mtu lililokuwa "linanuka plastiki". Soketi ilikuwa na rangi ya kahawia upande mmoja, na skrubu ya ndani ilizunguka kwa kidole. Maranda yalikuwa sentimita 20 chini yake. Nenda kawashe hita, iache dakika kumi, ichomoe, kisha gusa plagi kwa nje. Ikiwa ya moto kuliko vuguvugu, skrubu imelegea au soketi imechoka.

Friji ni habari nyingine kabisa. Hapo joto silo linaloleta tofauti. Ndani ya kompresa kuna mota, na mota ni koili iliyozungushwa kwenye chuma. Zile omu 16 ni za waya wa shaba wa koili, basi. Umeme wetu hubadilisha mwelekeo, mara 50 kwa sekunde huenda na kurudi, na koili yenye chuma huukataa mabadiliko hayo kwa namna ambayo betri ya mita haiwezi kuiona. Tena mota ikizunguka hutengeneza msukumo wake wa kupinga ule unaoiendesha. Kwa hiyo kwa mota, pampu, feni au kompresa, omu hazikupi wati. Zinakupa jambo moja la kusaidia: ukinzani ule uko karibu na hali ya mota ikiwa haijaanza kuzunguka, na ndiyo maana friji ikiwaka taa hufifia kidogo. Volti zikiwa 170, kompresa inanguruma bila kuzunguka, inavuta ampea nyingi namna hiyo sekunde hadi sekunde, na koili inaungua. Kifaa cha kukata umeme volti zikishuka si anasa kwa mwenye friji Kibaha jioni.

Hata volti mara ampea kwenye friji haikupi wati halisi. Ukipima ampea 0.9 kwenye volti 230, jibu ni 207, lakini friji inakula 120 tu. Umeme na msukumo wake havifiki kwa pamoja. Sehemu ya umeme inaingia kwenye koili na kurudi kwenye laini bila kufanya kazi. Mita ya luku ya nyumbani inahesabu zile 120. Kwa balbu na hita tofauti hiyo haipo, volti mara ampea ni wati, umemaliza.

Umebaki na kupima ampea, na hapa nisikilize vizuri. Ile mita ndogo ya bei rahisi, mara nyingi ya njano au nyeusi, inayouzwa hadi kwenye maduka ya vifaa vya simu, nyingi hupima ampea za umeme wa betri tu. Za umeme wa nyumba haziwezi. Pembeni ya tundu la ampea 10 huandikwa kwamba halina fyuzi. Mtu akisahau waya mwekundu kwenye tundu hilo kisha akachomeka ncha mbili kwenye soketi apime volti, amegusanisha waya wa moto na wa nyutro kwa kipande cha shaba. Nimeona ncha za mita zilizoyeyuka hivyo, na mwenye mita alikuwa na bahati. Kwa umeme wa nyumba tumia mita ya klampu, ile yenye mdomo unaobana waya bila kuukata. Bana waya mmoja tu. Ukibana kebo nzima, umeme unaokwenda na unaorudi vinafutana na mita inasoma sifuri; watu wamerudisha klampu nzima dukani kwa sababu hiyo.

Kama huna klampu, una kifaa kingine ukutani kilicho sahihi kuliko mita zote mbili. Kwenye luku yako kuna taa ndogo nyekundu inayomweka, na karibu yake pameandikwa imp/kWh, mara nyingi 1000 au 1600. Ni idadi ya miweko kwa uniti moja. Zima kila kitu nyumbani, chomoa na friji, hakikisha taa haimweki. Washa balbu tatu za banda. Ukiuona mweko hesabu sifuri na uanze saa ya simu. Ukifika mweko wa kumi simamisha. Kama ni 1000, gawanya 36,000 kwa sekunde ulizopata. Kama ni 1600, gawanya 22,500. Jibu ni wati, za kweli, kwa volti za wakati huo.

Fanya hivyo saa nane mchana, urudie saa mbili usiku. Mchana, luku ikiwa ya 1000, utapata sekunde 120 hivi, wati 300. Usiku volti zikishuka hadi 190, utapata kama 161. Na kama balbu zako zinakula wati 4,176, miweko yote kumi itakwisha kwa sekunde 8.6. Mwite na fundi, mpe simu ahesabu yeye.